Barabara Iliyohama Makambako

Nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha ilikuwa na milango minne iliyotazama barabara, kisha barabara ikahamishwa. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani kuna jambo namficha. Mimi ndiye niliyefichwa.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Tulikaa Kifanya, kwenye mji wa wakwe zangu. Mume wangu alikuwa amejiandikisha manamba, akaenda kukata mkonge upande wa Morogoro kama wanaume wengi wa kwetu, akaniacha na mtoto mgongoni na dada yake mkubwa. Huyo wifi yangu alikuwa mjane aliyerudi kwao baada ya kufiwa, mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Tulilima pamoja na kula chungu kimoja. Kila mara mtu wa kwetu aliporudi kutoka mkonge aliniletea kifurushi kilichofungwa kwenye kitambaa, na ujumbe ule ule: "Mumeo anasema ununue ng'ombe."

Sikutaka ng'ombe. Baba yangu alikuwa na zizi lililojaa, ukapita ugonjwa, na kabla mahindi hayajakomaa kilichobaki zizini ni mbolea tu. Nilimwona mzee yule akiamka kila asubuhi kwenda kufungua mlango wa zizi tupu. Nikaapa kwamba mali yangu mimi haitakuwa kitu chenye pumzi.

Wazo la nyumba lilinishika Makambako, tulipokuwa tukipanda lori kupeleka maharage. Makambako ya siku zile haikuwa mji. Ilikuwa njia panda na maduka machache, na upepo. Upepo wenyewe hauna adabu, unamvua mtu khanga mbele za watu na kumpasua midomo. Malori yaliyotoka Iringa yalisimama pale, mengine yakiendelea Mbeya, mengine yakikata kushoto kuja kwetu Njombe na kwenda Songea. Mvua ikiharibu njia, abiria walikwama siku mbili, tatu. Walikuwapo manamba wanaorudi makwao na masanduku ya mbao, walimu waliohamishwa pamoja na vitanda vyao, akina mama wanaopeleka wagonjwa hospitali. Wote walilala kwenye baraza la duka, wamejikunja. Asubuhi moja nilimkuta mwanamke amelala na kichanga chini ya lori, matairi ndiyo kuta zake.

Nikamwambia wifi, "Hawa wote wangelipia paa."

Wifi alikuwa akishona mdomo wa gunia. Hakuinua macho. "Kama ni nyumba, tujenge Njombe. Boma liko Njombe, hospitali iko Njombe. Karani anataka chumba, na karani ana mshahara."

"Karani analipa mwisho wa mwezi, tena akipenda. Dereva analipa kabla hajalala."

"Dereva akiamka ameondoka. Karani ana mke. Mke anafagia, mke anakuja kukwambia paa linavuja. Dereva atakwambia nini? Atakojoa ukutani aende zake."

Tulibishana hivyo njia nzima ya kurudi, na wiki nzima shambani. Mwisho nilishinda kwa kuwa vifurushi vya mkonge vilikuwa mikononi mwangu. Sikushinda kwa hoja, na hilo nalikiri leo kwa sababu sikulikiri wakati ule. Wifi aliposhindwa hakununa. Aliuza cherehani ya marehemu mumewe, kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwa mume, akaniwekea fedha mkononi akasema, "Basi nami nina mlango wangu mmoja humo."

Jambo la kwanza tuliloliamua vizuri lilikuwa lake. Mtu mmoja pale njia panda alikuwa anahama, akatuambia anauza nyumba yake ya udongo, imeshaezekwa, tunaingia kesho. Bei ilikuwa ya kuokota. Mimi nilikwisha anza kufagia moyoni. Wifi akaomba jembe, akazunguka nyuma ya nyumba na kugonga nguzo ya pembeni kwa mpini. Mpini ukazama ndani kama kwenye uji. Mchwa walikuwa wamekula nguzo zote, wakaacha ganda la nje kwa heshima ya mwenye nyumba.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza yule mtu.

"Hamkuuliza mchwa," akajibu.

Ningeliweka jibu lile moyoni, mengi yasingenipata. Nililicheka.

Tukaenda kwa jumbe kuomba kiwanja. Akatupa kipande kando ya barabara, akasema wakubwa wanataka nyumba za mbele ziwe za matofali ya kuchoma, hawataki vibanda. Akauliza mwenye nyumba ni nani. Nikasema mimi na huyu. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia karani wake aandike jina la mume wangu, mtu ambaye wakati huo hakujua hata kwamba anajengewa nyumba.

Tulikanyaga udongo wenyewe, mimi na wifi, sketi tumezifunga kiunoni, baridi ya Juni ikitukata vifundo vya miguu. Tulifyatua, tukaanika, tukapanga tanuru, tukanunua kuni za miti ya miwati. Fundi alipandisha kuta na sisi tukimbebea maji. Mabati yaliletwa na lori kutoka Iringa. Siku yaliposhushwa, yale mabati yaling'aa kiasi kwamba watu walitoka dukani kuja kuyashika, na mimi nilisimama katikati yao kama bibi harusi.

Jioni hiyo mume wangu aliandikiwa barua. Mwinjilisti wa kanisa la Makambako ndiye aliyetuandikia barua zetu zote, mzee mwenye mwandiko mzuri na masikio ya kusikia uongo. Nikamwambia, "Andika kwamba ng'ombe ni wazima. Hawajapatwa na ugonjwa."

Akaniangalia juu ya miwani. "Una ng'ombe wewe?"

"Andika, baba."

Wifi aliyekuwa mlangoni alitoka nje haraka, nikasikia anacheka huko uani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akicheka kwa sauti.

Nyumba ilifanya kazi tangu wiki ya kwanza. Vyumba vinne, vitanda vya kamba, chai ya moto na viazi. Madereva walitufahamu, wakawa wanapiga honi wakiwa bado mlimani ili tuteleke maji. Wifi alihama Kifanya akakaa pale moja kwa moja, mimi nikawa naenda na kurudi, hadi nikaona nami nimehamia. Mwanamke mwenye kichanga akija hakulala chini ya lori tena. Nasema hili kwa majivuno, na majivuno yale sijayatubia.

Ndipo akaja nyapara wa barabara.

Genge la kutengeneza barabara lilikuwa limepiga kambi karibu na mto, na huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa vibarua. Alikuwa mtu wa mbali, mnene, mpole, mwenye koti refu la kazi. Alisema baridi ya hemani itamuua, akapanga chumba cha kwanza, kile cha pembeni, kwa miezi. Mpangaji wa miezi! Nilimtazama wifi kwa jicho la ushindi. Kumbe hata Makambako wapo wanaolipa mwisho wa mwezi.

Yule bwana alikaa nasi kama ndugu. Aliniita dada, wifi alimwita shangazi ingawa hawakupishana sana umri. Jioni alivuta kigoda jikoni kwetu, akala maharage yaliyopondwa na viazi, mwanangu akilala mapajani mwake. Alipougua kifua, nilimpa blanketi langu mwenyewe, lile zito lenye mistari aliloniletea mume wangu alipomaliza mkataba wake wa kwanza. Nililala na khanga mbili na gunia ili yeye apate joto.

Chumbani mwake kulikuwa na mnyororo wa kupimia na fungu la vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Niliviona kila siku nilipofagia. Niliviruka kwa ufagio.

Mwaka uliofuata vifurushi viwili vilikuja kwa pamoja kutoka mkonge, pamoja na ujumbe kwamba mume wangu anaongeza mkataba, na ng'ombe bila shaka sasa wamezaa. Nilikaa nikafikiri. Je, nirudishe fedha ardhini, niongeze vyumba viwili, au nizishike? Wifi alisema tuzishike, tusubiri tuone. Mimi nikaona yeye ni mtu wa kusubiri tu. Nikaamua nimuulize mtu anayejua.

"Kaka," nikamwambia nyapara jikoni, "wewe unatembea barabara yote hii. Nikiongeza vyumba viwili hapa, nitakosea?"

Alikuwa anapuliza chai. Alipuliza muda mrefu. "Ongeza, dada," akasema. "Watu wanazidi. Barabara haina miguu."

Nami nikaongeza. Alitusaidia hata kupanga mstari wa msingi kwa kamba yake, akipiga magoti kwenye umande.

Wakati fundi anapandisha kuta hizo, wifi alirudi siku moja kutoka kuchanja kuni, akatua mzigo akasema, "Huko nyuma ya kilima nimeona vigingi vyekundu. Vinafuatana kama siafu, vinatoka upande wa Iringa, vinatokea kule bondeni."

"Ni mipaka ya mashamba ya miti," nikasema.

"Vya mashamba vinazunguka. Hivi vinanyooka."

"Wifi, umechoka. Kunywa maji."

Akanywa maji. Sikumuuliza zaidi, na yeye hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Kiangazi kilichofuata nyapara aliniaga vizuri, akasema kazi inamhamisha. Blanketi lilikuwa kitandani kwake asubuhi ile, jioni sikulikuta, nikasema basi, kifua chake bado kibovu. Wiki chache baadaye tukaanza kusikia milio ya mitambo nyuma ya kilima. Watu walisema barabara inanyooshwa, kona mbaya zinaondolewa. Hata hapo sikuelewa. Nilidhani kunyoosha barabara ni kama kunyoosha nguo, kwamba nguo hubaki pale pale.

Kisha asubuhi moja niliteleka maji, nikasubiri honi. Haikupigwa. Nikatoka nje. Upande wa Iringa, mbele ya nyumba ya mwisho, vibarua walikuwa wamechimba mtaro kukata barabara yetu na kurundika udongo juu yake. Na kule nyuma ya kilima vumbi lilikuwa linapanda, linatembea, likifuata njia isiyopita kwangu. Nikahesabu mavumbi manne. Malori manne. Maji yalichemka mpaka yakakauka sufuriani.

Sikuvaa viatu. Nilikata kilima kwa miguu, nikatokea kwenye njia panda mpya. Udongo wake ulikuwa mwekundu, mbichi, na katika pembe ile iliyo nzuri kuliko zote, pale malori ya Mbeya na ya Njombe yanapoachana, palikuwa na nyumba. Haikuanza jana. Ilikuwa na madirisha, ilikuwa na baraza refu, ilikuwa na mwanamke anayekaanga maandazi. Madereva wawili niliowajua kwa majina ya mama zao walikuwa wamekaa wanakunywa chai, waliponiona wakageuza nyuso. Mlangoni mwa chumba cha mbele, kama pazia, lilining'inia blanketi langu lenye mistari.

Nyapara akatoka. "Dada! Karibu, karibu. Huyu ndiye mke wangu niliyekuwa nakwambia."

"Ulijua," nikasema.

"Keti kwanza unywe chai."

"Ulijua ukiwa unakula jikoni kwangu. Vigingi vilikuwa uvunguni mwako."

Alivuta koti lake. "Dada, mambo ya kazi hayasemwi. Wewe ungeniuliza..."

"Nilikuuliza!"

"Uliniuliza kama uongeze vyumba." Aliniambia kwa upole, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto. "Hukuniuliza barabara itapita wapi."

Kama angenitukana ningepona mapema. Upole ule ndio ulionichoma. Alininyamazia ili pembe ile nzuri isipate mwombaji mwingine, na aliponiambia niongeze vyumba alikuwa anazika fedha zangu mahali ambapo hazitamfuata. Wakati ule sikuyapanga hivyo kichwani. Nilichofanya ni kwenda mlangoni, nikashika blanketi kwa mikono miwili nikalivuta. Ufito uliolishikilia ukaja nalo, na kipande cha udongo wa ukuta. Mkewe akapiga kelele. Nikajifunga begani juani, nikarudi kwangu, na kila lori lililonipita njiani nililitupia jiwe. Hakuna jiwe lililofika.

Nilikwenda kwa jumbe. Akasema, "Kiwanja chako kipo. Nani amekichukua?" Nikapanda hadi Njombe bomani, nikasimama kwenye foleni tangu kufunguliwa. Karani alinisikiliza hadi mwisho, akanieleza kwamba fidia hulipwa mtu ambaye barabara imepita juu ya nyumba yake au shamba lake. "Wewe haikupita kwako, mama."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi," akasema, "hakuna kitabu cha watu ambao haikupita kwao."

Hakuwa na ubaya, yule kijana. Alisema kweli. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za boma na kulia kwa hasira, watu wakadhani nimefiwa, mwanamke mmoja nisiyemjua akaja kunishika bega na kuniambia kamwene, salamu yetu, na pole. Nikamwambia aondoke.

Kabla mwezi haujaisha jumbe akaja na ujumbe kutoka njia panda mpya. Nyapara alitaka kununua mabati yangu. Bei haikuwa mbaya.

Wifi akasema tuuze. "Nyumba imekufa. Tumvue nguo tumzike."

"Nikimpa yule mabati, nitakuwa nimemwezekea."

"Hasira haiezeki nyumba, wifi. Wala haimvushi mtu masika."

"Kama umechoka, nenda."

Ni neno la kijinga. Alikuwa ameuza cherehani ya mumewe kwa ajili ya kuta zile, nami namwambia nenda. Alinitazama, akachukua ndoo akaenda mtoni.

Tukakaa hivyo, wanawake wawili na mtoto katika nyumba ya vyumba sita isiyo na mgeni, hadi mume wangu aliporudi.

Alikuja mchana, sanduku kichwani, amekonda, mikono yake imejaa makovu ya mkonge. Nilimpokea mzigo, wifi akashangilia. Kabla hata hajanawa miguu akasema, "Njia panda yenu ni nzuri. Nimekula hapo kwa bwana mmoja mkarimu sana. Alipojua mimi ni mumeo aliniongezea nyama, akanionyesha njia. Ametuma salamu."

Wifi aliangalia chini. Mimi nilienda jikoni nikashika kigoda, nikakirudisha chini, nikakishika tena.

"Ng'ombe wako wapi?" akauliza mume wangu kutoka nje. "Mmewapeleka kunywa?"

Nikatoka. Nikanyoosha mkono juu ya paa. "Hao."

Aliangalia bati la kwanza hadi la mwisho, polepole, kama mtu anayehesabu kundi likiingia zizini. "Wote?"

"Wote. Na ndama wawili, pale nyuma."

"Wanatoa maziwa?"

"Walikuwa wanatoa."

Aliingia ndani akalala siku mbili, uso ukutani. Nilitaka anipige kelele, nilikuwa tayari, maneno nilikuwa nimeyapanga kama matofali. Siku ya tatu aliniambia, "Ungenieleza ningekuandikia usubiri. Kule mkonge tuliona barabara zikihamishwa kila mwaka. Kila manamba anajua vigingi vyekundu ni nini." Hakusema kwa hasira. Alinihurumia, na mimi huruma yake niliichukia kuliko kofi. Maana alikuwa na haki. Mtu niliyemdanganya kwa barua tatu ndiye mtu aliyekuwa na jibu nililolihitaji.

Yeye ndiye aliyegawa. Alimwita dada yake mbele yangu akasema vyumba viwili vya nyuma ni vyake, matofali, mabati na milango, kwa ajili ya cherehani na kwa ajili ya miaka aliyonilelea mtoto. Wifi akavibomoa kwa uangalifu, tofali moja moja, akagonga udongo uliokauka kwa nyuma ya panga, akakodi lori. Alijenga Njombe, chini ya hospitali, chumba na sebule. Mpangaji wake wa kwanza alikuwa karani mwenye mke. Mke alifagia. Paa lilipovuja, alikuja kumwambia. Nilikwenda kuitazama nyumba ile mara moja, nikasifu, na wakati nasifu meno yalikuwa yameumana.

Mimi na mume wangu tulibaki na vyumba vinne vinavyotazama majani yaliyoota katikati ya barabara. Uamuzi wa kuuza au kungoja ulinichukua masika mawili, na sitajisifu kwamba nilingoja kwa akili. Nilingoja kwa ubishi. Kisha mnunuzi mmoja wa maharage, aliyekuwa akizunguka hadi Mlangali kukusanya mizigo, akaja kuuliza kama tunaweza kumpa nyumba nzima aweke magunia. Alitaka mahali pasipo na vumbi la malori wala watu wa kupitapita. Safari hii niliuliza. Nilimuuliza analipa lini, ataondoka lini, panya wakitoboa gunia ni hasara ya nani, moto ukitokea ni wa nani, na je anajua jambo lolote kuhusu ardhi hii ambalo mimi silijui. Akasema, "Mama, unaniuliza kama polisi." Nikamwambia ajibu. Akajibu yote, mume wangu akashuhudia, na mwinjilisti akayaandika.

Fedha yake ilikuwa ndogo kuliko ya madereva, lakini ilikuja. Mume wangu alinunua ng'ombe mmoja, jike jeusi. Tukarudi Kifanya.

Hadithi ingekuwa nzuri kama nyapara angeanguka. Hakuanguka. Aliacha kazi ya barabara, akaongeza nyumba ya pili pale pembeni, akawa mtu wa heshima, akaanza kusali katika kanisa la Makambako, ambako bado nilikwenda nilipofuata kodi, na kukaa viti vya mbele. Walipotaka mabati ya kanisa, alitoa mengi kuliko wote, na jina lake likasomwa.

Kwetu, mtu hawezi kukaribia meza ya Bwana akiwa na ugomvi na mwenzake. Lazima kwanza aende wapatane. Kwa miaka mitatu sikukaribia. Nilikaa nyuma na blanketi langu begani wenzangu wakienda mbele, na kila mtu alijua kwa nini. Mwishowe mwinjilisti, yule yule mzee wa barua, akaniita nyumbani kwake. Na nyapara alikuwapo, amekaa, koti limekunjwa magotini.

"Kila mmoja aseme neno lake," akasema mwinjilisti.

Nyapara akaanza. "Dada, kama nilikukosea, nisamehe."

"Kama?" nikasema.

Mwinjilisti akainua mkono. Nilisikia kuku wakiparua chini ya dirisha. Nyapara akatazama mikono yake, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikukosea."

Ilibidi nijibu. Mwinjilisti alinitazama juu ya miwani, na nilijua kwamba masikio yale yangesikia. Nikasema, "Nimekusamehe." Mzee alitikisa kichwa kidogo, akafungua Biblia, akatuombea sote wawili.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mbele pamoja na wengine. Wifi alikuwa amekuja kutoka Njombe, akapiga magoti kando yangu. Nyapara alikuwa upande wa pili. Nilipokea mkate, nikapokea kikombe, nikasema amina kwa sauti iliyofika mlangoni. Kisha nikarudi kukaa mahali pangu pa nyuma, na bado nilikuwa nimemkasirikia.